Kumshikia Mzee Remi Mtandao

Pale Ifakara, ukiliacha soko nyuma yako na kushika njia ya stendi, ipo kona ambayo mtandao wa simu umekaa vizuri kuliko mahali pengine popote mtaani. Kwa nini umekaa hapo hakuna anayejua, ingawa kila mtu ana maelezo. Chini ya bati la fundi baiskeli kuna benchi refu, mguu wake mmoja umefungwa kwa mpira wa tairi, na mbele yake kimeza cha kahawa cha Tekla. Mungu aliwapa watu wa kona ile mikono ya kazi. Ndimi walijiongezea wenyewe. Jumamosi ile ilikuwa katikati ya mavuno, magunia ya mpunga yakiingia mjini kutoka Idete na Mofu, na benchi lilijaa kabla jua halijaanza kuchoma. Evod, mwenye bati, fundi baiskeli siku za kazi na katekista siku zote, alikuwa amepakata gurudumu lakini hajagusa spoki hata moja. Macho yake yalikuwa kwa Mzee Remigius.

Mzee Remigius, seremala, alikaa katikati ya benchi ndani ya suti aliyoolea, mguu wa kulia umenyooshwa mbele na hogo la plasta hadi gotini. Saa nne ya asubuhi ile, kanisani huko Njombe, binti yake Agnella angeweka nadhiri zake za daima. Katika shirika lao, mtawa hasemi neno mpaka padri amwulize mzazi mbele ya kanisa zima: unamtoa mtoto huyu? Mzazi akishajibu, ndipo humbariki. Mama yake Agnella alishapumzika. Baba alikuwa ameshajiandaa kwa safari, akaanguka kutoka kwenye kenchi za paa alizokuwa anapigilia. Basi Mama Mkuu akakubali ajibu kwa simu ya picha. Yoramu, kaka yake Agnella, angesimama na simu karibu na altare, sauti ikitokea kwenye spika za kanisa. Ila simu isiposhika, shangazi atajibu badala yake, kwa kuwa Misa haiwezi kukaa inasubiri mtandao.

– Mimi sitaki shangazi ajibu, alisema Mzee Remigius. Shangazi alimzaa lini?

– Tulia, mzee wangu, alisema Festo, dereva wa bodaboda ambaye kijiwe kizima kinamwita Faivuji kwa jinsi anavyoisifia simu yake. Mtandao upo. Ona pau zimejaa hapa.

– Pau siyo mtandao, alijibu Fridolin.

Huyu Fridolin aliwahi kuwa mlinzi wa mnara wa simu. Alikaa nje ya uzio, lakini alivyokuwa anasimulia ungedhani ndiye aliyekuwa anauwasha asubuhi na kuuzima jioni. Jina lake la kijiweni lilikuwa Mnara, na alilipenda.

– Pau ni mlango tu, umeona uko wazi, aliendelea Mnara. Ndani kama watu wamejaa mpaka dirishani, utajuaje? Leo Jumamosi. Wenye mpunga wanaulizana bei, vijana wanaangalia video. Saa nne hiyo mnara unakuwa unahema.

– Mbona benki hawahemi? aliuliza Tekla, akimimina kahawa.

– Benki wametengewa njia yao. Hospitali nao wana yao. Mji wote ujae, ile hupiti wewe.

– Kama mapito ya ng'ombe, alidakia Mashimba, Msukuma wa Idete mwenye mifugo na mashamba, ambaye baiskeli yake huharibika kila anapotamani kahawa. Njia ikishatengwa, bhabha, mpunga kulia, mpunga kushoto, ng'ombe anapita katikati hagusi hata jani.

– Wako wanagusa, alisema Tekla. Mwaka jana wamenilia shamba.

– Hao mtandao uliwapotea, dada Tekla.

Benchi lilicheka mpaka mguu wake ule mbovu ukalia. Mzee Remigius hakucheka.

– Sasa mtu kama mimi natengewaje njia?

– Unanunua bando la wakubwa, alisema Faivuji. Siyo haya yetu ya kuunga unga. Wale mnara ukiwaona unasimama, unapiga saluti.

– Tatizo siyo bando, ni treni, alisema Mashimba. Mimi nimefanya utafiti. Treni ikitoka Mlimba, abiria wote wanaongea na simu, mabehewa yanauvuta mtandao kama sumaku. Inaondoka nao mpaka Zambia huko. Sisi tunabaki na simu za kuangalizia saa.

– Acha hizo! Mtandao unazuiwa na milima ya Udzungwa, alisema Mnara. Wimbi linatoka hapa lina nguvu zake, linapiga mlima, linarudi limechoka.

– Mbona usiku linapita vizuri? aliuliza Tekla.

– Usiku mlima umelala.

– Jamani, alisema Mzee Remigius kwa sauti ya chini, zimebaki dakika chache.

Evod alimtazama mzee akijifuta jasho kwa leso iliyokunjwa vizuri, na moyo ukamwuma. Alijua vilevile kwamba ulimi wake unapenda sifa, jambo alilokuwa amelipeleka kitubioni tangu Kwaresima na kurudi nalo. Hata hivyo alisema:

– Kwani pale bombani tunafanyaje?

Wote wakamgeukia. Bomba la mtaani kwake lilijulikana. Alfajiri watu hupanga ndoo, kisha wao hao, mwingine Misa ya asubuhi, mwingine shambani. Ndoo inasimama badala ya mtu, na hakuna anayethubutu kuiruka hata kama mwenyewe yuko Mofu.

– Mnara nao ni bomba, alisema Evod, akiliweka gurudumu chini. Aliyetangulia ndiye anayepewa. Basi na sisi tuweke ndoo mapema. Tupigiane simu za picha sasa hivi, tushike nafasi nyingi nyingi. Saa nne ikifika, mzee anaingia kwenye nafasi zetu.

Kila mtu alimtazama Mnara, kwa sababu ndiye aliyewahi kukaa karibu na uzio.

– Kitaalamu, alisema Mnara taratibu, hiyo inakubali.

– Katekista, wewe ni kichwa! alisema Faivuji.

Evod akasikia utamu kifuani, utamu uleule anaowakataza watoto wa komunyo ya kwanza.

Akampigia Mnara. Faivuji akampigia Mashimba. Wote wanne walikuwa wamekaa benchi moja, bega kwa bega.

– Haloo, unanisikia? aliuliza Mashimba kwenye simu.

– Nakusikia kwa sikio la kulia, alisema Faivuji. La kushoto bado.

– Msikate! aliagiza Mnara. Laza simu mezani, iache hivyohivyo.

Simu nne zikalazwa mezani kati ya vikombe, kila kioo kikionyesha bati lilelile. Tekla, asiyetaka kuonekana hana mchango, akampigia dada yake Mofu, akaisimamisha simu kwenye birika. Dada mtu akaanza kusimulia habari za mume wake toka mwanzo. Naye Faivuji alipiga mluzi ng'ambo ya barabara, kwenye kijiwe cha bodaboda.

– Wanangu eeh! Mshikieni mzee nafasi! Video, video!

Bodaboda ni watu wa kusaidiana. Bila kuuliza nafasi ya wapi, wakatoa simu, wakaanza kupigiana wakiwa juu ya pikipiki zao, huku wakipungiana mikono.

Saa nne simu ya Mzee Remigius ikaita. Alishtuka kama kwamba hakuwa anaitegemea. Faivuji akampokelea, akamwekea mbele ya uso.

Kilichoonekana ni viraka. Kiraka cheupe ambacho huenda kilikuwa shela, kiraka cha maua, nusu ya uso wa padri. Kwaya ilisikika kama watu wanaoimba wakizamishwa na kuibuliwa mtoni.

– Mzee Re… mzee… upo?

– Nipo! alisema Mzee Remigius.

– … igius, upo?

– Nipo, jamani! Nipo hapa!

Padri akaganda, mdomo wazi.

– Ndoo hazitoshi! alipiga kelele Mnara. Ongezeni!

– Wanangu, ongezeni! Faivuji alipaza sauti ng'ambo.

Nao wakaongeza. Padri akafifia, akawa kivuli cha kijivu. Katikati ya mikwaruzo likapita neno moja zima, nalo likawachoma wote: shangazi.

– Wanamwita, alisema Mzee Remigius. Wanamwita shangazi yake.

Akaitoa leso yake, akajifuta machozi kwa mikono iliyozoea randa na nyundo. Evod alifumba macho. Bwana, aliomba, kama kuna aliyekosa hapa siyo huyu mzee. Hakutaja ni nani. Alijua Mungu hahitaji kutajiwa.

– Shikamooni, wazee.

Alikuwa mama mgeni kabisa, kikapu kichwani, vumbi la safari hadi kwenye nyusi. Alikuwa ameshuka kwenye basi la kutoka Mlimba na alitaka kahawa tu. Watu wawili wakaitikia marahaba bila kumtazama. Yeye akawatazama. Akamwona mzee anayelia mbele ya simu, kisha akaiona meza.

– Samahani, aliuliza. Na hizi nyingine zinaongea na nani?

Evod aliitazama simu yake: bati. Akaitazama ya Mnara: bati hilohilo, kutoka upande wa pili. Kwenye ya Mashimba kulikuwa na kidole cha Faivuji.

– Zinashika nafasi, alisema Mashimba hatimaye, kwa sauti ya mtu aliyekutwa na ng'ombe shambani kwa watu.

– Ya nani?

– Ya huyu mzee.

– Na mtaiachia saa ngapi?

Hapo Evod akaelewa, na ilimwingia kama maji ya baridi. Ndoo ya bombani hukaa tupu mpaka mwenyewe arudi. Hizi za kwao zilikuwa zinachota muda wote.

– Zimeni! alisema, akijipiga kifua kama ilivyo kwenye sala ya kuungama. Zimeni zote! Kosa ni langu, zimeni!

Mnara akazima. Mashimba, asiyejua pa kubonyeza, akaikalia ya kwake mpaka Faivuji alipokata upande wake. Tekla alimkatia dada yake pale simulizi ilipofika mume anarudi nyumbani. Faivuji akamwachia Mnara simu ya mzee, akavuka barabara mbio, pikipiki zikimpigia honi.

– Kateni! Wanangu, kateni!

Na picha ikafunguka. Ilikuja taratibu, kama ukungu unavyoliachia bonde asubuhi: altare, mishumaa, na Agnella amepiga magoti, shela jeupe, mikono imekutanishwa. Nyuma yake shangazi alikuwa ameshasimama, amevuta pumzi ya kujibu.

– Shangazi, kaa, alisema Mzee Remigius.

Sauti ikatoka kwenye spika za kanisa zima. Wakasikia watu wa Njombe wakicheka, na Agnella akiinua uso ghafla.

– Mzee Remigius, aliuliza padri, naye sauti imelainika, unamtoa mtoto huyu kwa hiari yako?

Mzee alikuwa ameandaa maneno mengi. Benchi zima lilikuwa limeyasikia wiki nzima. Yote yakamkimbia.

– Nilimchongea kitanda, alisema. Nikamchongea dawati. Hiki anachokitaka leo sikijui kukichonga. Namtoa, Baba. Namtoa kwa moyo wangu.

– Basi, mbariki.

Kwao baraka haitolewi kwa mbali. Mzazi huweka kiganja juu ya kichwa cha mtoto, kizima, mpaka mtoto asikie uzito wake. Mzee Remigius alikitazama kile kichwa kidogo kilichofunikwa kitambaa cheupe. Akamnyang'anya Mnara simu, akailaza juu ya paja lake zima, na juu ya kioo akaweka kiganja chake chote, kipana kama mwiko wa shughuli. Benchi likasimama. Mashimba akavua kofia.

– Mungu wa mama yako akutangulie, alisema mzee, macho yamefumbwa. Akulinde unapolala, akulinde unapoamka. Usichoke. Ukichoka, ukumbuke una kwenu. Kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu.

– Amina, wakasema wote, na Tekla akajipangusa kwa kanga.

Mzee akaondoa mkono. Kioo kilionyesha saa, tarehe na picha ya jogoo aliyowekewa na mjukuu wake. Simu ilikuwa imekatika. Kiganja kilikuwa kimebonyeza pa kukatia; ni kwenye neno gani la baraka, hakuna aliyeweza kusema.

Faivuji, aliyekuwa amerudi akihema, alipiga. Ikaita, ikaita, haikupokelewa. Kule Misa ilikuwa inaendelea, na Yoramu lazima alishaitia simu mfukoni.

Yule mama wa Mlimba alikuwa bado amesimama, kikombe mkononi. Aliuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza njia:

– Sasa, imefika?

Wakamgeukia Evod, kwa kuwa ndiye katekista. Alitafuta jibu kwenye yote aliyofundishwa na yote anayofundisha. Lilikuwepo jibu la kitabuni, alilijua, na siku nyingine angelisema kwa sauti kubwa. Alimtazama mzee, akaona aibu kulitumia.

– Sijui, mama, alisema.

Mzee Remigius hakumsubiri yeyote. Aliivuta simu karibu zaidi, akakirudisha kiganja juu ya kioo kilichozima, akafumba macho, akaanza upya.