Amédée Mbayo na Vikambale Vyake vya Kioo

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mitatu, Amédée Mbayo anaacha kazi katika maabara ya shule yetu ya masista hapa Kamina. Wameniomba mimi, mama yake, niandike, maana nilifagia madarasa haya miaka kumi na tisa, yeye akiwa maabara, na hakuna anayemjua kunishinda. Sikusoma sana, lakini nilizaa msomi.

Alipoanza alikuwa mwembamba, koti jeupe linamfika miguuni. Alipewa funguo, hadubini mbili na akwariamu, lile sanduku la kioo lenye kambale wadogo wa Amerika ya Kusini, walioachwa na padri aliyerudi kwao. Ni wafupi kama kidole, na ubavuni wana vibamba vigumu safu mbili, kama paa la mabati. Changarawe ilikuwa inawakwaruza sharubu. Amédée akaitoa, akaleta mchanga laini wa mto, akauosha mpaka maji yakawa safi kabisa. Nani alimfundisha? Kichwa chake tu.

Shida ilikuja mwaka ule Sista Hulda, mkuu wa shule, alipotafuta nafasi ya makabati. Samaki walikuwa kumi na mmoja, na kwa miaka sita hawakutaga. Akasema wasipozaa kabla ya Pasaka, kioo kitatoka na samaki watagawiwa. Amédée akaacha kula. Na chakula napika mimi, si mtu mwingine.

Siku moja, nikifagia, niliwaona wakipanda juu, wanameza hewa, wanashuka. Mimi ni mzaliwa wa Kinkondja. Kwetu dimbwi likikauka, samaki wakifanya hivyo, unawatoa haraka kabla hawajaoza. Nikawachota wote, nikawatia katika beseni jeupe. Mwiba wa mmoja ukanichoma. Nilikuwa natafuta chumvi ya kuwakausha Amédée alipoingia.

“Mama, hawakufe,” akaniambia taratibu. “Hii samaki iko nakunywa hewa. Njo vile Mungu aliiumba.”

Nikamjibu kwamba ziwani kwetu Kisale Mungu hakuumba hivyo. Hakunisikia. Alikuwa ameinamia beseni. Ndani ya kioo walijificha kwenye majani, huwezi kuwalinganisha. Penye weupe aliona wazi. Saba walikuwa na pua butu na doa jeusi kwenye pezi la mgongo. Wanne walikuwa na pua ndefu na mstari mgongoni. Miaka yote tulifikiri ni aina moja. Akafungua kitabu cha padri, akakuta wale saba hutaga maji yakipoa kwa mvua. Akawahamisha wale wanne, na kila asubuhi akawaongezea saba maji ya mvua, kidogo kidogo.

Siku nne kabla ya Jumapili ya Matawi, mayai yalikuwa yamenata kwenye kioo kama shanga. Sista Hulda akavaa miwani, akahesabu mpaka akachoka.

“Makabati itaingia mu bureau yangu,” akasema, akionyesha ofisi yake. “Weye Mbayo, endelea.”

Akaendelea. Hata shule moja ya Luena ilipata watoto wa samaki hao, wakasafiri kwa treni ndani ya bidoni, yale madumu ya plastiki. Watu husema ni akili ya Amédée. Ni kweli, ila beseni nilileta mimi.

Asubuhi zile nazikumbuka sana: yeye anapima joto la maji, mimi na ufagio wangu. Sasa Madame Julie, mwalimu wa biolojia, anapokea samaki hamsini na wawili, wote wazima, kila aina kwenye kioo chake.

Amédée, shule inakushukuru kwa kila ndoo uliyobeba. Pumzika vizuri, mwanangu, uwe na afya na siku nyingi za furaha. Umefanya kazi.