Nililijibia Jicho la Mama

Sifa zimrudie Bwana, ndugu zangu! Mimi ni yule kijana wa Ipuli, mhitimu ambaye bado anatafuta kazi. Wiki mbili sikupata usingizi mzuri kwa swali moja: yale niliyoambiwa na simu kuhusu jicho la mama yangu, ni ya kweli?

Mama analima tumbaku Kwihara. Jicho la kushoto lilianza kuona ukungu, na kichwa kikamuuma upande huo. Akasema ni moshi wa bani tunamokaushia tumbaku. Mimi nikaiuliza akili mnemba ya kwenye simu yangu. Ilijibu vizuri, sitaisingizia! Ilieleza mtoto wa jicho, macho makavu, presha ya macho. Kisha ikauliza: mgonjwa akitazama taa, anaona miduara ya rangi?

Nikaandika: hapana.

Sikumuuliza Mama. Kwetu mtoto hamhoji mzazi habari za mwili wake kama karani wa sensa. Niliona ni heshima kumjibia. Simu ikasema huenda ni ukavu, ila akapimwe. Nikashika lile la ukavu. Nikauliza tena na tena kwa maneno mengine, na kila mara nilijibu mimi.

Jumapili baada ya ibada nikamsomea Mama majibu yale, nikitaraji anisifu. Nikafika kwenye swali la taa.

"Hizo rangi? Mwezi mzima naziona," akasema. "Nilidhani ni ile balbu uliyoniletea. Nani kasema sizioni?"

"Nilijibu mimi, Mama."

"Haya! Jicho langu, msemaji wewe. Nikiumwa jino utanitafunia?"

Ndugu zangu, nikaishika simu palepale. Nikasahihisha jibu. Simu ikasema: hospitali leo hii, msisubiri. Nikaanza tena: na kama nimekosea? Kidole kilitaka kuuliza mara nyingine. Nikaomba, "Bwana, nitoe humu!" Nikaizima, nikaita bodaboda mbili.

Hospitalini wakampima: ilikuwa presha ya macho. Uoni uliopotea hautarudi, daktari alisema wazi. Uliobaki unalindwa kwa dawa ya matone. Kwa huo uliobaki, asante Yesu!

Wewe mwenye mgonjwa nyumbani, uliza simu ukitaka, lakini mgonjwa ajibu mwenyewe. Kisha mtumaini Bwana, inuka, mpeleke.

Juzi tulirudi kliniki. Daktari akaniuliza mimi, "Mama anaendeleaje?" Nikasogeza kiti changu nyuma, nikamwambia, "Huyu hapa, muulize."