Kuku Wangu Walikula Dagaa, Mifupa Yangu Ilikunywa Chai ya Rangi

Bwana asifiwe, ninyi mlioketi! Na Bwana asifiwe na mimi niliyesimama!

Mzee wa kanisa, nimekuona unaniletea kiti. Asante, lakini kirudishe. Najua una nia njema, ndiyo maana sijakukasirikia sana. Nimetoka kwangu mpaka hapa kwa miguu yangu na fimbo yangu hii, siwezi kuja kumshuhudia Mungu nikiwa nimekaa. Na mkiniona natetemeka, ni hasira, si ugonjwa.

Ndugu zangu, wengi mnanijua. Mimi ni Mama Njiku, mfuga kuku na mkulima wa alizeti, nina miaka sitini na nane. Yule wa shati jeupe benchi la tatu ndiye Njiku mwenyewe, mwanangu wa kwanza. Amefika jana kutoka Utemini, mjini Singida, na gari lake liko nje hapo. Amekuja kunichukua nikaishi kwake moja kwa moja. Begi langu limeshafungwa, liko kwenye buti. Njiku, usiinamishe kichwa, sikuaibishi. Sikiliza tu. Ushuhuda huu ni wa kanisa zima, lakini nusu yake ni wako.

Nilikuwa na nguvu, jamani! Mnakumbuka. Debe la alizeti nilikuwa naliinua peke yangu na kumfungia mtu wa bodaboda nyuma ya pikipiki, yeye ameshika usukani anashangaa. Maji nilibeba kichwani tangu msichana. Niliamini mwili wangu ni wa kazi na utabaki wa kazi hadi siku ya kuzikwa.

Kisha nikaanza kuvunjika. Wanaume mtaniwia radhi, lakini nitasema wazi, maana kunyamaza ndiko kulikotuponza: hedhi yangu ilikoma mapema, nikiwa na miaka arobaini na tatu. Nikashukuru. Nikasema basi, nimepumzika. Hakuna aliyeniambia kwamba kuanzia hapo mifupa ya mwanamke hupungua upesi, tena kimya kimya, bila kuuma. Miaka ikapita. Siku moja nikamkimbiza jogoo uani, nikateleza, nikajishikiza kwa mkono. Kifundo cha mkono kikavunjika kama bua la mtama. Nikafungwa hogo, ile plasta ngumu, mkono ukaunga, nikafunguliwa. Wote wakasema pole. Mimi mwenyewe sikujiuliza kwa nini mfupa wa mtu mzima umevunjika kwa kuteleza kidogo vile.

Halafu gauni langu la Pasaka likaanza kuburuza chini. Ndugu zangu, nilienda kumgombeza fundi cherehani! Nilimwambia kitambaa chake kimelegea, ameshona ovyo, hana hofu ya Mungu. Yule fundi akapima gauni, akapima tena, akasema, "Mama, gauni ni lilelile. Labda wewe ndiye uliyepungua." Nikaona ananitukana. Nilimnunia mwaka mzima. Fundi Yohana, nakuona pale nyuma karibu na dirisha. Leo naomba msamaha mbele ya watu. Ulikuwa wa kwanza kuuona ugonjwa wangu, na ulitumia futi kamba.

Gauni halikuongezeka. Mgongo ndio uliokuwa unashuka. Nikawa natembea nimeinama, na watu wakasema neno moja tu: uzee. Hata mimi nikasema uzee. Mama yangu alipinda, bibi yangu alipinda, tukasema ndivyo ukoo wetu unavyozeeka. Neno hilo nalichukia! Mtu akikwambia ni uzee, amekufungia mlango, hutafuti tena.

Mwaka juzi, wakati wa kuvuna alizeti, nikainama kuinua debe kama siku zote. Nikasikia ka! ndani ya mgongo. Sikupiga kelele. Nililala pale juu ya alizeti zangu nikitazama mbingu, na kuku wakaja wakaanza kudonoa pembeni yangu kana kwamba sipo.

Njiku akaja siku hiyohiyo. Alinibeba mwenyewe hadi kwenye gari, akanipeleka kwake Utemini nikapumzike. Mungu akubariki mwanangu kwa siku ile. Lakini ngoja niseme yaliyofuata.

Walinipenda mno, ndugu zangu! Mkwe wangu Neema ni mtu wa heshima, sina neno baya juu yake. Alinipa kochi kubwa lililo mbele ya runinga. Nikitaka kusimama, "Kaa mama." Nikitaka kufagia, "Mama, unataka watu wanicheke?" Nikitaka kutoka uani, "Mama, utaanguka." Mapazia yalifungwa mchana kutwa ili jua lisipaushe makochi. Mimi mwenyewe nilikuwa na maringo yangu: maziwa nilisema wapewe wajukuu, dagaa nilisema wapewe wajukuu, mimi chai ya rangi na mkate vinanitosha. Hivyo ndivyo tulivyolelewa sisi akina mama wa huku. Mama mwema hanywi maziwa wakati watoto wapo. Nilijivunia jambo hilo!

Ikapita miezi. Mapaja yangu yakawa membamba. Nikawa naogopa hata kwenda chooni, nashika ukuta kama mtoto anayejifunza kutembea. Nilikuwa na maumivu, ndiyo, lakini hofu ilikuwa mbaya kuliko maumivu. Nikamwomba Mungu anichukue. Sitaficha. Nilimwomba kweli.

Wakaja watu wa kuniombea. Wengi waliomba vizuri wakaenda zao. Mmoja akasema hili ni pepo la kupinda, limetoka kwa bibi yangu, limepita kwa mama yangu. Akaniwekea goti mgongoni, akanishika mabega ili aninyooshe! Siku hiyo nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka nje. Ndipo Njiku akasema yatosha, akanipeleka hospitali.

Nikamkuta daktari binti, umri wa mjukuu wangu. "Shikamoo mama." "Marahaba." Akanipiga picha ya mgongo, akaniwekea kwenye mwanga, akanionyesha pingili mbili zimebonyea. Mifupa yangu, alisema, imepungua uzito, ndani yake imekuwa na matundu mengi. Akauliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza. Hedhi ilikoma lini? Mama yako alipinda? Uliwahi kuvunjika? Nikajibu. Kisha akauliza, "Mama, kazi yako nini?"

Nikamwambia nafuga kuku wa kienyeji. Nikafurahi, maana tangu niwekwe kwenye kochi hakuna aliyeniuliza habari za kuku.

"Kuku wako wakitaga mayai yenye ganda laini, unafanyaje?"

Jamani, hapo nilinyoosha shingo! Nikamfundisha yule binti. Nikamwambia hilo ni jambo dogo. Nawasagia dagaa, vichwa na miiba yote. Nachoma maganda ya mayai, nayatwanga, nawachanganyia. Na nawatoa juani wakimbie. "Kuku ukimfungia bandani gizani," nikamwambia, "hata umlishe nini, ganda litakuwa laini tu, na miguu italegea."

Yule binti akaweka kalamu chini. "Na wewe mama, leo asubuhi umekula nini?"

"Chai ya rangi."

"Jua umeota lini?"

 Njiku alikuwa amesimama mlangoni, akatazama viatu vyake. Sikulia kwa sababu ya mgongo, ndugu zangu, nililia kwa hasira! Miaka yote ile nimekaa na kinu mbele yangu, natwanga dagaa kwa ajili ya kuku, halafu naosha mikono naenda kunywa maji ya majani! Nilijua dawa. Nilikuwa nayo mkononi. Sikuwahi kufikiri kwamba na mimi ni kiumbe wa Mungu mwenye mifupa.

Nasema ukombozi wangu ulianza pale, kwenye kiti cha hospitali. Hakuna moto ulioshuka. Mungu alimtumia binti mwenye kalamu, na alitumia kuku wangu mwenyewe kunisuta.

Nikapewa dawa. Kidonge kimoja kila wiki, mimi nameza Jumatatu asubuhi, tumbo tupu, kwa glasi nzima ya maji matupu. Na sikilizeni masharti yake: ukishameza, huruhusiwi kulala! Ukae wima au usimame nusu saa nzima, la sivyo kitakuunguza koo. Nilicheka peke yangu. Nyumba nzima inaniambia lala mama, pumzika mama, na dawa yenyewe inaniambia usithubutu kulala! Tangu siku hiyo Jumatatu nasali nimesimama.

Nikapewa na vidonge vya kuongeza nguvu ya mifupa, nikaambiwa nile kama ninavyolisha kuku. Nikaanza. Maziwa ya mgando, kikombe changu mwenyewe, wajukuu wananitazama, nakunywa. Dagaa pamoja na vichwa. Mlenda, majani ya kunde. Jua la asubuhi. Na mazoezi: kuinuka kwenye kiti bila kushika kitu, kusimama kwa mguu mmoja nimeshika fremu ya mlango. Mara ya kwanza sikuweza kuinuka hata mara moja. Neema alifunika uso asione. Baada ya wiki kadhaa nikainuka mara tatu. Baadaye mara kumi.

Mvua za kwanza za Desemba zilipokaribia, nikasema nataka kwenda kwangu. Njiku akakataa. "Mama, watu watasema nimekutupa." Hilo ndilo lilikuwa tatizo, watu! Basi asubuhi moja nikavaa raba zangu, nikashika fimbo, nikasimama getini. Neema akaleta kiti, nikakataa. Akaleta chai, nikainywa nimesimama. Majirani wa Utemini wakapita wakisalimia, "Shikamoo bibi, unangoja nini?" Nikawajibu wote, "Marahaba. Nangoja gari la mwanangu linirudishe nyumbani." Mchana Njiku akaitwa kutoka kazini, akaja akanikuta palepale, sijakaa.  Akafungua mlango wa gari.

Mwaka huu mmoja uliopita nimeishi kwangu. Mawe ya uani nimeyaondoa. Ndala nimezitupa. Debe siinui tena, namwita mtu, na sioni aibu, maana daktari aliniambia mzigo wa kuinama ndio ulionivunja. Kuku wangu mnawaona, mayai yangu mnakula.

Sasa, wako wanaonong'ona. Nimewasikia pale kisimani. Wanasema huyu mama anashuhudia nini, si bado amepinda? Ndiyo, nimepinda! Kimo changu hakijarudi na daktari alisema hakitarudi. Gauni hili Fundi Yohana amelipunguza. Nani aliwaambia Mungu anatazama mgongo? Nilikuwa mfungwa wa kochi, naogopa safari ya chooni, namwomba Mungu kifo. Leo niko mbele yenu. Kama huo si wokovu, niambieni ninyi mnauitaje!

Na wiki iliyopita nilianguka. Ndiyo sababu Njiku amekuja, jirani alimpigia simu. Niliteleza kwenye tope mlangoni mwa banda, nikakaa chini kwa kishindo.  Nikangoja ile ka! Sikuisikia. Nikajigusa nyonga, nikajigusa mikono. Kuku wakaja kudonoa pembeni yangu kama mwaka juzi. Nikawafukuza! Nikageuka nikapiga magoti, nikashika nguzo ya banda, nikainuka kama nilivyofundishwa. Nikaokota mayai. Mawili yalikuwa yamevunjika, mimi sikuvunjika! Bwana asifiwe!

Kesho yake nilikwenda kupimwa, maana sijidanganyi. Naweza kuanguka tena. Naweza kuvunjika. Nimelijua hilo na nimelikubali. Lakini atakayevunjika ni mimi ninayetembea, si mimi niliyewekwa gizani ili watu wasiseme.

Namshukuru Mungu. Namshukuru yule daktari binti. Namshukuru Neema, aliyejifunza kuniacha nisimame. Na ninyi akina mama, mliokoma hedhi, mliowahi kuvunjika mkono kwa kuteleza tu, ambao magauni yenu yanaburuza: msimgombeze fundi! Nendeni hospitali mkapimwe, kila mmoja aambiwe la kwake, maana dawa yangu huenda si yako. Maziwa mnyweni, watoto wenu hawatakufa. Jumatatu asubuhi mimi niko uani kwangu nimesimama. Mwenye kuogopa aje tusimame pamoja, tumtegemee Mungu tukiwa na fimbo mkononi.

Njiku, mwanangu. Siendi. Nakupenda na siendi. Ukitaka kunitunza, njoo unipeleke kliniki siku ya kliniki, na jioni unirudishe. Begi langu litoe kwenye buti, lina kanga yangu ya kuvaa kesho. Watu wakikuuliza kwa nini umemwacha mama yako, waambie waje waniulize mimi.

Sasa narudi kwenye benchi langu. Ni hatua kama ishirini hivi, na sakafu imemwagikiwa maji, nimeiona. Msinishike mkono. Njiku, kaa palepale ulipo, unitazame nikipita.