Pembe Aliyofundishwa Mgeni

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti tukae pamoja. Alhamisi iliyopita bandari yetu ndogo ilimpoteza fundi wake wa kushona matanga ya mashua. Tulimwita Mama Pindo, kwa kuwa hapa kisiwani hapakuwa na tanga ambalo pindo lake halikupita mikononi mwake. Mama Pindo ametutoka akiwa na miaka hamsini na minane. Tunamkumbuka kwa msaada wa mdogo wake, aliyefanya kazi naye miaka kumi na mmoja. Alituomba jambo moja tu. "Msimpambe," alisema. "Na mimi pia msinifiche aibu yangu."

Karakana yao iko ghorofani, juu ya ofisi ya bandari. Sakafu ni ya mbao, imesuguliwa hadi inateleza. Cherehani imetumbukizwa katika shimo sakafuni ili kitambaa kilale sawasawa, na mshonaji huketi miguu ikining'inia shimoni. Mama Pindo alishona. Mdogo wake alishika kitambaa. Baadaye mdogo aliachiwa mishono mirefu, naye akaiweza. Ila pembe hakuachiwa kamwe. Pembe ya tanga ndiyo hubeba nguvu yote ya upepo. Huwekwa tabaka saba za kitambaa, kila moja ikikatwa kwa mwelekeo wake, kisha pete ya chuma hushonewa juu yake kwa mkono. Kazi hiyo Mama Pindo aliifanya peke yake, mgongo ameugeuza.

"Utanifundisha lini, dada?"

"Kwani una safari?"

Mwaka huu, mwezi wa pili, aliingia mgeni. Mwanamke wa makamo, peke yake, katika mashua nyeupe yenye tanga lililochanika. Alisema atakaa siku mbili. Alikaa siku kumi na tisa. Hakuna aliyemharakisha. Asubuhi alianika nguo kwenye kamba za mashua, akanunua mkate, akapanda ngazi za karakana. Ikifika saa nne vicheko vilisikika hadi chini. Mdogo alipoingia, vilikatika.

Siku ya tisa, wasikilizaji wapendwa, mdogo alipanda na chai. Akamkuta mgeni amepiga magoti penye pembe. Mama Pindo alikuwa amemshika mkono, akiuongoza pamoja na sindano. Mdogo, miaka kumi na mmoja. Mgeni, siku tisa.

Alitua birika, akashuka. Tangu siku hiyo, kila asubuhi alimpasha mgeni habari bila kuulizwa: "Upepo wa kuondokea umekaa vizuri leo." Mgeni alishukuru, kisha akaendelea kupanda ngazi.

Jioni moja, wakiosha vyombo, mdogo alishindwa kujizuia.

"Yule umemfundisha pembe."

"Nimemfundisha."

"Mtu wa kupita."

"Una wivu, mdogo wangu."

"Sina. Nauliza tu."

"Ukiuliza tu, pua huwa haivimbi hivyo." Kisha Mama Pindo alifuta mikono, akasema taratibu: "Pembe ikimfumukia huko baharini, hana wa kumwita. Wewe ukikwama unaniita mimi, niko chumba cha pili. Wewe nina muda nawe."

Mdogo hakuridhika. Mgeni alipong'oa nanga, watu wa gati walimpungia. Mdogo alibaki juu anafagia nyuzi. Anasema alifagia mahali pamoja mpaka mashua ilipotoweka.

Muda huo Mama Pindo hakuupata. Alhamisi iliyopita, saa tano asubuhi, moyo wake ulisimama akiwa juu ya kitambaa. Tanga lililokuwa sakafuni lina pembe tatu. Mbili amezimaliza. Ya tatu haijaguswa.

Mdogo angeweza kufumua pembe moja, atazame ndani, ajifunze. Alichukua wembe. Akaketi nao kwa muda mrefu. Hakuweza, kwa kuwa ndiyo mishono ya mwisho ya dada yake. Na duniani amebaki mtu mmoja tu anayeijua kazi ile kama alivyoifanya dada yake.

Jumapili alimpigia simu. Mgeni alikuwa bandari nyingine, mwendo wa siku sita. Alipopewa habari alilia. Mdogo alimsubiri.

"Nilijua hukunipenda," mgeni alisema.

"Hata sasa bado. Lakini pembe siijui. Nakuomba unifundishe."

"Nitakuja. Nitakushika mkono kama yeye alivyonishika mimi."

"Hapo," mdogo alituambia, "wivu uliniuma kuliko siku zote. Mkono ule ulikuwa haki yangu. Nikamwambia afanye haraka."

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kituo hiki tunampa pole mdogo wa marehemu, ndugu wote wa familia, na mabaharia waliosafiri salama kwa kazi ya mikono yake. Mola ampumzishe Mama Pindo pema. Nanyi mnaotusikiliza, mtazameni aliye karibu nanyi kuliko wote, yule mnayeamini kwamba mna muda naye. Kuna kitu ambacho amekuwa akiwaomba. Zimeni redio sasa, mkampe.