Spana ya Kumi na Tano

Mheshimiwa Mwenyekiti wa klabu yetu ya baiskeli, waheshimiwa wajumbe wa kamati, kocha wetu, wazazi mlioacha shughuli zenu, ndugu wageni waalikwa, wachezaji wenzangu. Na wewe Fundi, mwenye siku yako, pamoja na mama yetu uliyeketi naye: nawasalimu nyote kwa heshima.

Katibu amenipa kurasa mbili za kusoma, na kwa kweli ameandika vizuri. Zinasema Fundi anastaafu kwa hiari baada ya miaka ishirini na mitatu, kwamba amechoka na anakwenda kupumzika. Mimi nahodha wenu nimezikunja na kuzitia mfukoni. Fundi hajachoka. Mtu aliyechoka angenyoosha rimu zetu zilizopinda huku akituuliza kama baiskeli tunaziendesha au tunapigana nazo?

Kwa faida ya wageni nieleze kidogo. Msimu wa mashindano ukiisha, sisi hatulali. Tunaziweka kando baiskeli za mashindano na kuchukua zile tunazoziita kavu. Kavu ina gia moja, na gia hiyo imefungwa kwenye gurudumu: gurudumu likizunguka, pedali nazo zinazunguka, upende usipende, hata mteremkoni. Ukitaka kupunguza mwendo unazikatalia pedali kwa miguu yako. Kuna breki moja ndogo ya mbele, ya dharura, na anayeigusa huchekwa mpaka Jumamosi nyingine. Tukifika kwenye tangi la maji tunabadilishana baiskeli, kila mtu na wa kimo chake, kwa sababu mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi mpaka siku uubebe mwenyewe. Desturi hiyo alituwekea Fundi.

Wengi mmenisifu, hata leo pale mlangoni, kwamba siku ya ajali nilikuwa nyuma kabisa nikiwalinda wanyonge. Jamani, mnajua kwa nini nilikuwa nyuma?

Gurudumu la nyuma la kavu lina gia pande zote mbili. Ya upande mmoja imefungwa, ya upande wa pili iko huru kama ya baiskeli yoyote ya kwendea sokoni. Goti langu la kushoto lilikuwa linaniuma, na niliona haya kusema, maana nani atamfuata nahodha anayelia goti? Ijumaa ile Fundi alikuwa ameshaikagua baiskeli yangu na kuitia alama yake ya chaki. Alipotoka kunawa mikono nikachukua spana ya kumi na tano, ile ya nati za magurudumu, kwenye ubao wake wa vyombo, nikaligeuza gurudumu upande wa gia huru. Haikuzidi dakika nne. Kesho yake nikakaa nyuma, miguu imetulia, kidole kwenye breki, wenzangu wote mbele yangu wakihangaika na pedali zao.

Tulipofika kwenye tangi, mdogo wetu tunayemwita Unyoya, huyu hapa mbele mwenye magongo, alikuja kuchukua baiskeli yangu. Kimo chetu ni kimoja. Nilikuwa na muda wa kumwambia. Alikunywa maji, akafunga kamba za viatu, akanitania kwamba leo nimetoka jasho kidogo. Sikusema. Kutoka pale ni mlima mfupi, na mlimani baiskeli hizi hazina tofauti, nikajiambia nitamwambia tukifika juu. Lakini nani amewahi kumfikia Unyoya mlimani? Nilimwita. Akainua mkono, akadhani namshangilia.

Kwenye kona ya mteremko alizikatalia pedali kama Fundi alivyomfundisha, akatupa uzito wote nyuma, na pedali zikarudi bure bila kushika kitu. Mkono wake haukuwahi breki. Goti lake mmeliona, na daktari amesema hatashindana tena.

Ripoti ya kamati inasema ni kosa la ufundi. Iliandikwa hivyo kwa sababu yangu. Jumatatu yake Fundi aliniita karakana, ameigeuza baiskeli magurudumu juu, akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Nahodha, uliligusa gurudumu hili?"

"Hapana, Fundi."

Akatazama ubao wake. Mnaujua ubao ule, kila chombo kimechorewa umbo lake kwa rangi nyeupe. Spana ya kumi na tano ilikuwa imening'inia kichwa chini. Niliirudisha kwa haraka mimi.

"Basi ni mimi," akasema. "Hata spana nimeitundika vibaya na sikumbuki. Mikono imeanza kunidanganya."

Tangu siku hiyo hajafunga nati moja. Mama ameniambia kwamba nyumbani anafunga bomba la maji, anaondoka, anarudi kulihakikisha mara tatu. Siku alipokabidhi funguo za karakana alinipa spana ile, akaniomba niwe nawakumbusha mafundi wajao kwamba uzee hauna hodi. Nami nikaipokea. Mwanamume mzima, nikaipokea na kusema asante.

Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba ripoti ile isahihishwe, na mtafute nahodha mwingine. Wenzangu, najua hamtanitaka tena katika msafara, na sina la kujitetea. Unyoya, sina cha kukulipa. Ningesema neno moja pale kwenye tangi ungekuwa na miguu yako. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imechukua miezi minne, na kila siku ya miezi hiyo nimewapitisha humo wewe na Fundi.

Fundi, msamaha sikuombi hapa, maana mbele za watu ni vigumu mtu kukataa. Na sidhani kama haya yanarudisha chochote. Nilichokuja nacho ni spana hii, naiweka mezani kwako. Ndiyo niliyogeuzia. Wewe uliikagua baiskeli ile na ilikuwa sawa, uliitundika spana na ilikuwa sawa. Mikono yako haijawahi kukudanganya. Aliyekudanganya ni mimi.

Nyote mliokaa mkanisikiliza mpaka hapa, hata mliokwisha kusimama, nawashukuru.