Mama Bonifasi na Samaki Nchanga

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Mwenye chungu jikoni apunguze moto, naye aje. Leo namkumbuka mwanamke aliyepanda nyuma ya baiskeli yangu bila kuuliza naenda wapi, na mpaka leo nikimkumbuka nacheka peke yangu njiani.

Jina lake Veridiana. Kwao Chilangala, huko juu Newala, walimwita Mama Bonifasi. Amefariki juma lililopita. Nasema tena kwa aliyechelewa kufungua redio: Veridiana, Mama Bonifasi wa Chilangala, ametutoka.

Alifanya nini? Alifunga chakula cha watoto wa shule. Basi. Lakini alikifunga, jamani!

Turudi miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo. Shule ya misheni ilikuwa mbali. Mtoto anatoka alfajiri, anarudi jua limelala. Mchana anakula nini? Wengi, hewa. Mwenye bahati ana kipande cha muhogo mkavu wa kuchoma. Sasa, muhogo mkavu unataka maji. Na ninyi mnaoujua uwanda wa Makonde, maji mnayajua: yako bondeni, mama anashuka genge na mtungi, anapanda nao kichwani. Shuleni hakuna tone. Mtoto anakula, chakula kinamkwama, kiu inambana, anasinzia. Mwalimu Cuthbert aliyewafundisha hesabu alikuwa akisema, "Asubuhi nafundisha watoto, mchana nafundisha magunia."

Jirani yake Veridiana alikuwa mzee Fakihi. Fakihi Mwislamu wa swala zote, Veridiana Mkristo wa kanisa kila Jumapili. Mashamba yamepakana, majembe wanaazimana. Fakihi alikuwa na binti, Mwanasha. Siku moja Mwanasha akaanguka mstarini shuleni kwa njaa. Fakihi akasema imetosha.

Veridiana akamfuata hukohuko shambani.

"Shikamoo, Baba Mwanasha."

"Marahaba. Kama umekuja kwa habari ya shule, rudi. Namtoa. Leo ameanguka, kesho njaa itamlisha vya misheni, keshokutwa atasahau kwao."

"Usimtoe. Chakula cha mchana nitamfungia mimi, pamoja na Bonifasi wangu. Nipe mpaka mabibo yaive. Akianguka tena, mtoe. Nami sitasema neno."

Fakihi akamtazama. "Na akila kisichomhusu? Maana jikoni kwako, Mama Bonifasi, kuna vitu."

"Na akila kisichomhusu, mtoe."

"Siku moja tu, shule imekwisha."

"Imekwisha."

Hayo ndiyo maagano. Yashikeni hayo, wasikilizaji.

Ehe! Mama yule akaanza kazi. Jani la mgomba analipitisha kwenye moto lilainike, ndani anapanga. Leo njugu mawe za kuchemsha na ndizi. Kesho muhogo mbichi uliochemshwa na mbaazi. Siku nyingine viazi na karanga, au boga na ufuta. Na kila kifurushi, kila kimoja, kina kitu chenye maji yake: tango, papai, kipande cha muwa. Kama maji hayafiki shuleni, basi yaende ndani ya tunda! Mdogo wake, Bibi Magdalena, ameniambia hivi: "Dada alikuwa hataki leo ifanane na jana. Alisema mtoto akijua kilichomo kabla hajafungua, utamu umekwisha."

Mimi siku hizo nilikuwa nazungukazunguka huko na baiskeli, nauza chumvi na sindano, Tandahimba mpaka Chiungutwa. Nawakuta watoto njiani wananusa vifurushi vile viwili, wanabishana. "Boga!" "Boga la kwenu! Hii njugu!" Na Mwanasha mbele yao, anatembea kama mtu mwenye safari yake.

Sasa njooni kwenye siku yenyewe.

Ni kiangazi, baada ya mavuno. Veridiana ameshuka bondeni kuteka maji. Kazi ya kufunga vifurushi siku ile kamwachia mama yake Mwanasha, Bi Zena. Bi Zena alikuwa mtu wa pwani, ametoka Mikindani kuja kuolewa, na hakuwa mwenyeji sana wa maneno ya huku. Veridiana alimwambia akiwa mlangoni, mtungi tayari kichwani: "Njugu ziko kwenye chungu, papai lile pale. Na darini kuna samaki nchanga nimewafunga tayari, mtilie Bonifasi."

Wenzangu wa Newala na Masasi, naona mmeanza kucheka! Kwa asiyejua: samaki nchanga hana uhusiano wowote na bahari. Ni panya. Panya wa shambani, anachimbwa mchangani, anakaushwa kwa moshi, na kwa wanaomla ni kitoweo cha heshima. Veridiana alikuwa amewaponda na karanga, akawafunga kwenye majani madogo, huoni mkia wala sikio.

Bi Zena aliposikia samaki, moyo ukaruka. Tangu aje kuolewa hajaonja samaki wa maana! Akajisemea, atiliwe Bonifasi peke yake, mwanangu ana nini? Akatia kwa Bonifasi, akatia na kwa Mwanasha.

Jua limepanda, Veridiana anarudi, anamkuta mwenzake anafagia huku anaimba.

"Mama Bonifasi, ahsante kwa samaki! Nimewagawia wote wawili."

"Wote wawili akina nani?"

"Bonifasi na Mwanasha."

Mtungi ukaenda chini. Maji ya bondeni, wasikilizaji! Maji ya asubuhi nzima!

"Mama Mwanasha, yule ni panya!"

"Panya? Si umesema samaki?"

"Nchanga! Samaki nchanga!"

Bi Zena akaketi palepale kwenye tope. Veridiana akashika njia. Mimi napita na chumvi yangu, nasikia kitu kizito nyuma, baiskeli inayumba.

"Shikamoo kaka, kanyaga! Shuleni!"

"Mama, nimepakia chumvi..."

"Chumvi haiozi! Kanyaga!"

Nilikanyaga. Mchanga ulikuwa wa kuzama, mnyororo unalia, mama ananipiga mgongoni kama napanda mlima kwa makusudi. Tunaingia uwanjani, watoto wamekwisha kaa kando ya ukuta, majani yako wazi.

"Mwanasha! Umekula?"

"Nimekula, Mama Bonifasi. Shikamoo."

"Umekula nini?"

"Njugu na papai."

"Na samaki?"

Mtoto akacheka. "Mama akisikia samaki anaona Mikindani. Mimi nimezaliwa Chilangala. Nilinusa tu, nikampa Bonifasi, naye kanipa papai lake."

Bonifasi, mdomo umejaa: "Na akanidai na njugu juu yake!"

Veridiana akakaa chini, akacheka mpaka machozi. Mwalimu Cuthbert akatoka kuuliza nani amefiwa.

Angeweza kunyamaza. Hakunyamaza. Jioni ileile alikwenda kwa Fakihi, akaeleza yote, samaki, mtungi, baiskeli. Bi Zena hakuinua uso. Fakihi akamwita binti yake.

"Ulijuaje?"

"Nilinusa, baba."

"Njaa hukuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo. Ndiyo maana nilitaka papai."

Mabega ya mzee yakaanza kutikisika, kicheko kikamtoka. "Niliogopa atasahau kwao. Kumbe yuko peke yake huko, hakuna anayemwona, na anajua. Mama Bonifasi, mfungie. Aende."

Mabibo yakaiva, Mwanasha hajaanguka. Akamaliza shule. Akawa muuguzi huko Masasi. Na wanawake wa njia ile nzima wakaanza kufunga vifurushi, wakishindana. Bi Zena naye hakuponyoka, kila msiba, kila harusi, aliulizwa, "Mama Mwanasha, kwenu Mikindani samaki wanachimbwa kwa jembe?"

Mwanasha aliniambia makaburini: "Baba alinipa ruhusa. Lakini aliyenifikisha mchana ni Mama Bonifasi."

Bonifasi, pole sana. Bibi Magdalena, pole. Bi Mwanasha na Bi Zena, nanyi ni wafiwa, poleni. Mungu ampumzishe.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, mtoto akirudi leo muulizeni alikula nini mchana. Akisema tu "nilikula," msitosheke. Muulizeni, nini? Mama Bonifasi alimwaga maji ya bondeni na kudandia baiskeli ya muuza chumvi ili aulize neno hilo moja.