Vikombe Vilivyonyamaza Kiponda

Siku ya nane sasa Khatibu muuza kahawa anaingia mtaa wa Kiponda bila ya kuliza vikombe vyake. Amevitia kitambaa katikati, kwani juu ya baraza anayouzia lipo dirisha la Badria, mke wa Machano. Miaka sita nyuma Badria alikatwa ziwa kwa saratani, akapona. Mwezi huu mgongo unamuuma. Daktari kataka apimwe leo saa nne, maana chembe za saratani huweza kulala mfupani miaka, kisha zikaamka na kuenea. Machano aliwahadithia wenzake, nao wakalishika neno moja tu, kulala. Tangu hapo baraza nzima inanong'ona. Kadi ya hospitali imo mfukoni mwa kanzu ya Machano, na Badria hajui.

— Mdudu kalala, alisema Mahfoudh, wanayemwita Redio kwa kuwa hazimiki. Sindano ya kipimo si ndiyo itayomgutusha?

— Si mdudu, yakhe. Ni chembe za mwili wake mwenyewe, alisema Machano. Zilitoroka kabla ya operesheni.

— Na kinachoziamsha?

— Daktari kasema hata mabingwa hawajakijua chote.

Mzee Tayabali, muuza vitambaa wa duka la pili, aliweka kikombe chini.

— Mimi nlifungia godoro stoo mwaka mzima. Siku nliyolilalia, kunguni wakaamka wote. Joto la mtu lile. Bibi asikae jikoni.

— Nshamkataza. Siku hizi napika mie.

— Ndo maana kakonda, alisema Redio.

Walicheka kwa pua, macho dirishani.

— Na chafya je? Redio aliendelea. Mtu akipiga chafya mifupa yote inatikisika. Pilipili manga itoke nyumbani leo hii.

— Na ngazi asishuke, alisema Tayabali. Kila kidato kishindo.

— Sasa hospitali atafikaje? aliuliza Khatibu.

— Asende, alijibu Tayabali. Waliolala waachwe walale.

Machano aliishika kadi kwa juu ya kanzu. Aliwapenda watu hawa. Tayabali alikuwa akifungua milango ya duka polepole kama anayefunua mtoto shuka. Redio hajapaza sauti wiki nzima. Ilikuwa saa tatu na nusu, na yeye alitaka dunia isimame papo hapo, mtu asitikisike.

Mlango ukafunguka. Badria alitoka na buibui na mkoba, mkono mmoja ukutani.

— Shikamoo, Mzee Tayabali.

— Marahaba, bibi.

— Khatibu, mbona vikombe havilii siku hizi? Mgongo hauniachi nikalala. Nkivisikia ndo najua kumekucha.

Khatibu aliinama kwenye dele lake la kahawa.

— Na weye Machano, kadi yangu ya hospitali umeiona?

Tayabali alifuta miwani isiyokuwa na vumbi. Khatibu akakivuta kile kitambaa, akaviliza vikombe mara moja.

Machano akainuka, akatia mkono mfukoni.